Skonzi, mkate wa ufuta, kumimina au boflo: nyumbani kwako upike upi?

Mtu akiniambia anataka kuanza kupika mkate nyumbani, simuulizi anapenda mkate gani. Namuuliza ana jiko gani na asubuhi anatoka saa ngapi. Mikate ya hamira karibu yote inatoka kwenye vitu vilevile: unga, maji au tui, hamira, chumvi, sukari kidogo. Lakini kila mmoja una moto wake na saa zake. Ukichagua usioendana na jiko lako, utamaliza kilo mbili za unga na Jumamosi nzima, kisha watoto watakunywa chai kwa slesi za dukani huku wakilitazama jiwe lako mezani kwa heshima.

Kwangu tuko saba, Temeke, Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizunguka kwenye mikate minne: skonzi, mkate wa ufuta, mkate wa kumimina na boflo, yaani mkate mzima wa kuoka kama ule wa dukani. Mkate wa mofa siugusi hapa kwa sababu unataka tanuri lake la udongo nami sina. Mahamri nayo naiacha, si kwa ubaya. Ni kwamba kila ninapoyapika chupa ya mafuta inarudi kabatini nusu, na mwenye chupa hiyo ni mimi.

Moto kwanza

Boflo inataka joto la kuizunguka pande zote, nyuzi 200 hadi 220, lisiloyumba kwa nusu saa au zaidi. Hiyo ni kazi ya oveni. Nimewahi kuijaribu kwenye sufuria na mkaa mara tatu. Mara zote tatu ilitoka na tumbo bichi na kisigino cheusi, kwa sababu donge la unga la nusu kilo ni nene na moto wa mkaa hauna subira ya kufika katikati kabla ya kuunguza pembeni.

Skonzi nayo inapenda joto la pande zote, ila ni vidonge vidogo. Vinaiva kwa dakika 18 hadi 20 kwenye nyuzi 180 au 190, na hata moto ukipanda na kushuka kidogo vinasamehe. Kwa hiyo skonzi inakubali oveni na inakubali sufuria. Mkate wa kumimina unataka moto mpole chini na juu kwa pamoja. Mkate wa ufuta ndio mkorofi: unataka chombo chenye moto mkali, kisha ugeuziwe makaa uso kwa uso.

Kama una oveni ndogo ya umeme ya mezani, ile ya wati 1,500, ikiwaka mfululizo kwa dakika 40 inakula uniti moja ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Hapo umejumlisha dakika kumi za kuipasha na nusu saa ya kuokea. Trei ya pili ikifuata papo hapo, inakuja kwa bei nafuu kuliko ya kwanza maana oveni imeshapata moto. Ndiyo maana kuoka skonzi nane ni hasara na kuoka 32 ni akili, hata kama nyumbani mko wanne.

Skonzi: wa kuanzia

Kama hujawahi kukanda unga wa hamira, anza hapa. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano weka vijiko viwili vya chai vya hamira (kama gramu 7), vijiko vinne vya chakula vya sukari, kijiko kimoja na kidogo cha chai cha chumvi, yai moja, siagi gramu 50, na maziwa ya vuguvugu kama mililita 260, uyamimine kidogo kidogo ukitazama unga. Unapata skonzi 16 za ukubwa wa ngumi ya mtoto. Huna maziwa? Weka maji. Huna siagi? Mafuta ya kula vijiko vitatu. Haitakuwa laini vilevile, lakini itakuwa skonzi.

Kazi yake iko kwenye kukanda. Dakika kumi hadi kumi na mbili, kwa kisigino cha kiganja, unasukuma, unakunja, unageuza. Mwanzoni unga unanata na unakutia hasira, na hapo ndipo wengi wanaongeza unga mkavu kiganja baada ya kiganja mpaka wanapata mpira. Usiongeze. Paka mikono mafuta kidogo uendelee. Kuna wakati, kama dakika ya nane hivi, unga unabadilika mkononi wenyewe: unaacha kushika meza, unakuwa laini kama ndewe ya sikio. Kata kipande, kivute kwa vidole vya mikono miwili taratibu kielekee dirishani. Kikitanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, umekwisha kukanda. Kikichanika, rudi kwenye meza.

Unga wenyewe una maneno. Kwa skonzi na boflo unahitaji ngano yenye nguvu, kwa sababu protini ya ngano ndiyo inayofanya nyuzi za kushika hewa. Nyuma ya mfuko tafuta mstari wa protini: gramu 11 au zaidi kwa kila gramu 100 inafaa mkate, chini ya 10, pikia keki. Unga usio na nguvu ni sababu ya kawaida ya skonzi kuumuka vizuri kisha kubonyea ndani ya oveni, na mpishi kulaumu hamira isiyo na kosa.

Sasa wasio na oveni. Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga ndani mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, funika, uiweke kwenye jiko la mkaa kwa robo saa. Panga vidonge vyako vilivyokwisha kuumuka kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, itumbukize juu ya mchanga, funika kwa kifuniko bapa na upalie makaa juu yake. Hesabu yangu ni hii: kwa kila kaa moja linalobaki chini, matatu yaende juu. Watu wengi wanafanya kinyume na wanapata skonzi zenye vichwa vyeupe na matako meusi. Baada ya dakika 25 inua kifuniko, mara moja tu. Na yote haya uyafanye uani au barazani penye hewa. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua mtu bila hata kumkohoza.

Jingine la skonzi, ambalo mikate mingine mitatu haina: watoto wanaweza kuifanya. Kufinyanga vidonge ni kazi ya mtu wa miaka mitano. Vinatoka vya maumbo yote, na kila mmoja anakumbuka chake ni kipi.

Mkate wa ufuta: mtamu kuliko yote, na wenye kiburi

Mama mkwe wangu ni mtu wa Wete, Pemba. Ramadhani moja alikuja kukaa nasi, nami nikataka kumwonyesha kwamba mwanawe hajakosea kuoa. Nilikuwa nimenunua fraipeni mpya, ile nyeusi ndani ambayo hata yai halishiki. Nikapiga unga wangu wa tui, ukaumuka vizuri, nikabandika fraipeni kwenye mkaa. Akaitazama.

"Mwanangu, chombo chako kinang'aa mno. Mkate utakukimbia."

"Hiki hakishiki kabisa mama, ndiyo uzuri wake."

Hakunijibu. Nikatandaza donge la kwanza, nikamwaga ufuta, chini kukakauka, nikashika mpini na kubinua fraipeni kuelekea makaa. Mkate ukaanguka wote, kifudifudi, na ufuta wake, ndani ya moto. Ufuta ukaanza kulia pa, pa, pa kama mvua ya kwanza kwenye bati. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akasema, "Haya, lete sufuria yako mbovu kuliko zote."

Hapo ndipo penyewe. Mkate wa ufuta lazima ushike chombo. Unaivishwa chini kwanza ukiwa umekaa kama kawaida, halafu chombo kinabinuliwa juu ya makaa ili uso wenye ufuta upate rangi, na kinachouzuia kuanguka ni huko kushika tu. Kwa hiyo unataka chuma cha kale au sufuria bapa ya alumini isiyo na mafuta hata tone. Kipashe mpaka tone la maji likiruka. Nyunyiza maji yenye chumvi kidogo, chovya mkono kwenye maji hayohayo, chukua donge na ulitandaze upesi liwe upana wa sahani, ukilibonyeza kila mahali lishike. Mwaga ufuta. Ukiona uso unatoka vitundu na kingo zimeanza kukauka, binua. Shubiri moja juu ya makaa, ukizungusha, mpaka upate madoadoa mekundu. Kisha kwangua kwa kisu pembeni, utoke mzima, na upake samli ungali na moto.

Unga wake si wa kukanda. Kwa vikombe vitatu vya unga, weka kikombe kimoja na nusu cha tui zito la vuguvugu, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, yai, chumvi, na sukari kijiko kimoja cha chakula. Unapata rojo zito linalonata, nusu unga nusu uji, na unalipiga kwa mkono ndani ya bakuli: unachota, unavuta juu, unalibwaga. Dakika kumi. Bega linalalamika. Ila kwa sababu ya majimaji hayo, hata ngano ya kawaida inatosha, na hapo unaokoa pesa ambazo skonzi ilikudai.

Mwenye gesi anaweza kuupika. Anabinua sufuria juu ya mwali na kuizungusha bila kusimama, la sivyo katikati panaungua na pembeni panabaki peupe. Wenye oveni yenye moto wa juu, wakiwemo ndugu zetu wa Muscat wanaopika kwa tui la kopo, wanauanzia jikoni na kuumalizia chini ya moto huo, dakika mbili tatu. Unakuwa mzuri. Harufu ya moshi tu ndiyo haipo, na aliyewahi kupita Darajani, Unguja, jioni ya Ramadhani ataikosa.

Ubaya wake ni mmoja mkubwa: unapikwa mmoja mmoja, mpishi amesimama. Nyumba ya watu saba ni mikate saba au minane, kama dakika sita kila mmoja. Wa kwanza unaliwa kabla wa tatu haujaiva. Ni mkate wa futari, wa wageni, wa siku ambayo kuna mchuzi wa nazi wa kuku au kababu na mtu wa pili wa kukusaidia. Asubuhi ya shule usiufikirie.

Kumimina: wa mvivu mwenye mpango

Huu haukandwi, haupigwi, hautandazwi. Unamiminwa, na jina lenyewe limesema. Jioni unaloweka vikombe viwili vya mchele. Asubuhi unachuja maji, unasaga kwenye blenda na tui zito la nazi moja kubwa, mpaka ukisugua kati ya vidole husikii chenga. Hapa usichoke mapema. Mchele uliosagwa nusu unatoa mkate wenye mchanga. Weka sukari kati ya nusu kikombe na robo tatu, hiliki ya kutwanga, hamira kijiko kimoja cha chai, na wengine huongeza ute wa yai uliopigwa ukawa povu.

Uache uumuke mpaka uso ujae povu, na hapo hapo uupike. Rojo la mchele halina zile nyuzi za ngano za kushika hewa. Ngano ukiichelewesha dakika ishirini unaweza kuibonyeza ukaanza upya. Mchele ukiuchelewesha povu linazama, na mkate unatoka bapa, mzito, wenye ladha ya uchachu. Sufuria iwe imepakwa mafuta na imeshapata moto kabla ya kumimina, usikie ile chwaa. Makaa kidogo chini, mengi kiasi juu ya kifuniko, au oveni nyuzi 180 kwa kama dakika 35. Choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua.

Ukiulinganisha na skonzi, mikono inafanya kazi robo, lakini kichwa kinafanya zaidi: ukisahau kuloweka mchele usiku, hakuna mkate. Na una faida ambayo hiyo mingine mitatu haina. Hauna ngano. Kama nyumbani kuna mtu ambaye daktari amemkataza ngano, hakikisha hukuongeza kile kijiko cha unga ambacho baadhi ya wapishi wanakitia, usagie kwenye blenda safi, na umpe huu. Ni mtamu, wa chai ya saa kumi, si wa kuchovya kwenye mchuzi wa samaki, ingawa nina shemeji anayefanya hivyo na bado tunamkaribisha.

Boflo, kwa kifupi

Unga nusu kilo, maji kama mililita 310, hamira, chumvi, basi. Ndiyo yenye viungo vya bei ndogo kuliko zote. Ukitoka oveni una mkate wa karibu gramu 730, wakati mkate wa kawaida wa dukani Kenya ni gramu 400. Kwa hiyo kwa unga peke yake unashinda. Lakini ongeza umeme au gesi ya dakika 45, ongeza jasho, kisha kumbuka kwamba mwokaji wa mtaani ana tanuri kubwa linalowaka usiku kucha na anaoka mikate mia kwa moto mmoja. Mimi boflo naipika pale tu ninapokuwa na oveni imewaka tayari kwa ajili ya kitu kingine. Ikiiva, igonge tako kwa vidole. Ikilia kama ngoma tupu, imeiva. Na usiikate ikiwa ya moto, hata wakikulilia: ndani bado inajipika, na kisu kinaibandika kuwa ugali.

Hamira na hali ya hewa

Dukani kuna hamira kavu za namna mbili. Ipo ya chembe nyembamba, inayochanganywa moja kwa moja na unga. Ipo ya punje kubwa kubwa za mviringo; hii lazima uiamshe kwanza kwenye maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo, dakika kumi, itoe povu. Kwa anayepika mara moja kwa wiki, pakiti ndogo za gramu 11 ni bora kuliko furushi la nusu kilo. Moja inatosha unga wa robo tatu ya kilo. Furushi likishafunguliwa, unyevu wa pwani unalimaliza nguvu. Liweke kwenye chupa iliyofungwa vizuri ndani ya friji. Ukiwa na shaka nayo, tia kijiko kwenye glasi ya maji ya vuguvugu na sukari. Dakika kumi bila povu, itupe kabla haijakutupia unga.

Na vuguvugu maana yake vuguvugu. Maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Hamira ni kitu kilicho hai, kinakula sukari na kutoa hewa inayojaza mkate. Ikipita nyuzi 55 hivi inakufa. Niliwahi kumimina tui lililotoka kuchemka moja kwa moja kwenye unga, nikifikiri joto litaharakisha. Nikangoja saa tatu. Tulikula chapati.

Halafu suala la unapoishi. Mapishi mengi ya kwenye simu yanasema "acha saa moja na nusu", na yameandikwa na mtu aliye kwenye nyumba yenye baridi. Dar es Salaam mwezi Februari, unga wa skonzi unajaa bakuli kwa dakika 40 hadi 50. Ukiuacha saa moja na nusu utaukuta umemwagika mezani na unanuka kama pombe. Njombe au Lushoto mwezi Julai, unga huohuo unaweza kudai saa mbili na zaidi, na ni vyema uweke bakuli ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu au karibu na meko. Popote ulipo, bonyeza kwa kidole chenye unga. Shimo likirudi haraka, bado. Likirudi polepole na kubaki na alama, endelea. Likibaki palepale na unga ukapumua na kunywea, umechelewa. Kwa ngano kanda kidogo uumue upya.

Kesho yake

Hapa mikate inaachana kabisa. Mkate wa ufuta baada ya saa nne umekuwa ngozi. Unaweza kuupasha kwenye chuma, lakini wewe na yeye mnajua. Kumimina ina tui, na joto la pwani halipendi tui: ile leo na kesho asubuhi, basi. Boflo ya nyumbani, isiyo na dawa za kuihifadhi, ni nzuri siku mbili, ya tatu ni ya kuchovya yai na kukaanga. Skonzi, kwa sababu ya maziwa na siagi, zinabaki laini siku mbili hadi tatu kwenye chombo kilichofungwa.

Ila usiziweke kwenye friji. Najua inaonekana ndiyo busara, lakini mkate unakakamaa upesi zaidi kwenye baridi ya friji kuliko juu ya meza. Ama mezani, ama kwenye friza kabisa. Skonzi zikipoa vizuri, zifunge kwenye mfuko, zitie friza, na asubuhi utoe unazozihitaji. Dakika chache kwenye chuma kilichofunikwa zinarudi kama za jana jioni. Hapa ndipo zile skonzi 32 zinapolipa.

Sasa uchague

Una jiko la gesi la mezani, huna oveni, huna nafasi ya mkaa: mkate wa ufuta kwa siku maalumu, na kumimina kwenye sufuria nzito kwa moto mdogo kabisa, ukikubali kwamba juu patabaki peupe. Skonzi kwenye gesi bila makaa ya juu inawezekana, ila utaigeuza kila kimoja kama andazi na haitakuwa na sura.

Una jiko la mkaa na uani: yote isipokuwa boflo.

Una oveni na unatoka asubuhi saa kumi na mbili: skonzi, na uzikande usiku. Punguza hamira iwe nusu, finyanga vidonge, vipange kwenye trei, funika kwa nailoni iliyopakwa mafuta, tia friji. Saa kumi na nusu alfajiri unavitoa, unarudi kitandani au unaswali, baada ya dakika 40 unatia oveni. Kabla ya saa kumi na mbili kasorobo vimeiva. Umeme ukikatika usiku utakuta trei imefanya mambo yake. Hilo mimi sina dawa yake.

Una watoto wadogo na Jumamosi ndefu: skonzi. Una mgeni wa heshima: ufuta, na usimwache asubiri mezani, mlete jikoni ale wa kwanza. Una mzee asiyetafuna vizuri: kumimina, ni laini na haina ganda gumu. Unataka kupunguza gharama ya mkate wa kila siku tu: kusema kweli, nunua, isipokuwa mko wengi na oveni yako inajaa kila ikiwashwa.

Na kama una mkaa, usiuwashe kwa mkate mmoja. Sisi siku za wikiendi tunaanza na ufuta makaa yakiwa makali, mikate saba, watu wanakula wakiwa wamesimama. Yakipoa kiasi yanapaliwa juu ya sufuria ya kumimina, ambayo mchele wake ulilowekwa tangu jana yake. Ikiepuliwa, kwenye majivu ya moto tunafukia viazi vitamu vya jioni.